Ukiweka Programu, Wawekee Wote

Kwenye steshenari nyingi za hapa Mwanza, Nyegezi mpaka Igoma, kompyuta moja inashikwa na watu wawili watatu: wa asubuhi, wa jioni, na bosi anayekuja kufunga hesabu. Wote wanaingilia akaunti moja, tena ile yenye mamlaka yote, yaani ya msimamizi. Nasema tuachane na mtindo huo. Kila mtu awe na akaunti yake ya kawaida, na programu ziwekwe mara moja kwa ajili ya wote.

Kwenye Windows, Chrome ikikosa ruhusa ya msimamizi inaweza kujiweka kwenye AppData, folda ya aliyeiweka peke yake. Mwenzake akiingia kwenye akaunti yake haioni, anaipakua upya kwa bando lake. Ikiwekwa kwa ruhusa ya msimamizi inakaa Program Files, folda ya programu za wote: kila mtu anaifungua, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuichezea.

Fonti, yaani mitindo ya herufi, ndizo zinazoniuma zaidi. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, ukibofya tu kusakinisha, fonti inaingia kwa mtumiaji mmoja. Kijana wa jioni anapanga kadi ya harusi kwa herufi za kuviringa, anahifadhi, anaondoka. Asubuhi dada anaifungua achape. Word haizioni zile herufi, imeweka nyingine. Jina la bwana harusi limekatika mistari miwili na mteja yuko kaunta anasubiri. Dawa yake ni kubofya faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha mausi, kuchagua watumiaji wote, na kuandika nenosiri la msimamizi. Basi.

Wanaotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows wana nafuu, maana apt, amri yake ya kuweka programu, inawawekea wote. Unachoweka kwa mkono kipeleke kwenye folda za wote, /usr/local au /opt, usikiache ndani ya folda yako binafsi iliyo /home.

Wenye maduka huniambia nenosiri linachelewesha kazi. Lakini angalieni flashi zinazochomekwa pale kutwa nzima! Kirusi kikifunguliwa kwenye akaunti ya kawaida, kwa kawaida hakina ruhusa ya kugusa Program Files wala nyaraka za mwenzako. Kwenye akaunti ya msimamizi, kinachohitajika ni mtu mwenye haraka abofye Ndiyo.

Nenosiri hilo akae nalo mwenye duka na mtu mmoja anayemwamini. Fundi akija apewe, akimaliza libadilishwe.