Tuichunguze Kompyuta Kabla ya Kuipiga Windows Upya

Hapa Kigoma, kompyuta ya nyumbani ikianza kufanya mambo yasiyoeleweka, jina la tatizo huwa limeshatajwa kabla mashine haijawashwa mbele ya fundi: virusi. Tiba nayo huwa moja, yaani kuipiga Windows upya (kuifuta diski na kuusakinisha tena mfumo huo unaoiendesha kompyuta), na jioni mashine inarudishwa ikiwa nyepesi, ila haina tena picha za harusi, hesabu za kikoba wala maswali ya mitihani ambayo mwalimu alikuwa akiyaandaa tangu muhula ulipoanza. Ninaipinga desturi hii waziwazi, kwa sababu naamini imewapotezea jirani zangu kazi nyingi kuliko virusi vyenyewe.

Nchini mwetu palikuwa na wakati ambapo kila homa ilitibiwa kama malaria, hadi tulipozoeshwa kwamba kipimo hutangulia dawa. Kompyuta inastahili nidhamu hiyohiyo. Mtu akiniletea mashine yenye vituko, huwa namwomba anieleze kwanza ni nini kilibadilika siku chache kabla ya vituko hivyo kuanza: umeme ulikatika ghafla, flashi ya mgeni ilichomekwa, programu fulani iliwekwa, au mashine ilihamishwa chumba. Mara nyingi jibu lenyewe huonesha pa kuanzia.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Mwanga hapa mjini, ambaye kompyuta yake ya mezani ilikuwa ikikataa kila tovuti aliyoifungua na kumwonya kwamba muunganisho si salama. Hata antivirusi ilishindwa kujisasisha, jambo lililomfanya kila aliyeitazama aamini kwamba kuna kirusi kinachoizuia. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayodhani kwamba tuko mwaka 2015 itavikataa vyeti vyote vya leo, kwa kuwa kwa hesabu yake bado havijaanza kutumika. Chanzo kilikuwa betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine haina umeme. Sisi tuna mazoea ya kuchomoa kila kitu ukutani tukihofia umeme utakaporudi kwa nguvu, na ni mazoea mazuri, lakini yanamaanisha kwamba betri hiyo hufanya kazi kwa saa nyingi kuliko ile ya mashine inayokaa imechomekwa muda wote. Iliponunuliwa nyingine na tarehe ikarekebishwa, tovuti zote zilifunguka, na hakuna faili hata moja lililoguswa.

Umeme wenyewe unahitaji kuzungumzwa kwa kirefu zaidi. Mji wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kutufikia, na hadi leo kukatika kwa ghafla si jambo geni. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika) ikizimika katikati ya kuandika kwenye diski, orodha inayoonesha kila faili liko wapi inaweza kuharibika, na dalili zake hufanana sana na zile za virusi: folda hazifunguki, majina ya mafaili yanageuka alama za ajabu, Windows inachukua muda mrefu kuwaka au inajizima na kujiwasha yenyewe. Amri ya chkdsk, ambayo hukagua diski na huandikwa kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt), hurekebisha mengi ya makosa hayo, lakini isiwe ya kwanza. Kwanza itazamwe afya ya diski kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu hali yake. Ikitoa tahadhari, au diski ikiwa inatoa mlio wa kugongagonga, kinachotakiwa ni kunakili data mara moja na kuiweka kwingine, kwa sababu kila saa ya kazi ya ziada inaisogeza diski hiyo kwenye kifo chake. Kumpigia Windows upya mwenye diski inayokufa ni kumdhulumu, maana usakinishaji huandika juu ya sehemu ambazo bado zingeweza kuokolewa, na tatizo litarudi baada ya muda mfupi. Kwa diski za SSD, yaani zile za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa zikishafomatiwa data huwa ni vigumu mno kuirejesha.

Vumbi na joto nitavitaja kwa ufupi tu. Mashine inayozimika baada ya kufanya kazi kwa muda, au inayozidi kuwa nzito kadiri inavyopata moto, ifunguliwe na feni yake isafishwe. Ile inayowaka kwa milio tu bila picha, kadi zake za RAM (kumbukumbu ya muda) zitolewe, zifutwe na kurudishwa vizuri.

Baada ya kuyapima hayo, virusi vya kweli vipo, na kwetu vinasafiri kwa flashi. Mwanafunzi anakwenda steshenari kuchapisha kazi yake, anachomeka flashi kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mji mzima, na akirudi nyumbani anakuta mafaili yake yote yamegeuka njia za mkato (shortcut) zenye ukubwa wa kilobaiti chache. Nawasihi wazazi na wanafunzi wasiifomati flashi hiyo. Mafaili kwa kawaida bado yamo; kirusi kimeyapa tu sifa ya kufichwa na kuyafanya yaonekane kama ya mfumo, kisha kimeweka njia ya mkato ambayo ukiibofya inafanya mambo mawili kwa pamoja, yaani kufungua faili lako halisi ili usishtuke, na kukiendesha chenyewe. Isafishwe kompyuta kwanza, la sivyo flashi itaambukizwa tena papo hapo. Kisha, kwenye dirisha la amri, amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ikiwa E ndiyo herufi ya flashi, itayarudisha mafaili yaonekane, na zile njia za mkato zifutwe. Kwenye kompyuta, kirusi cha aina hii mara nyingi ni skripti, yaani faili la maagizo, inayoendeshwa na wscript.exe, programu ya Windows yenyewe ya kuendesha skripti, na kujiweka kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows. Ukiiona wscript.exe kwenye Task Manager (orodha ya programu zinazofanya kazi) wakati hukuanzisha chochote, una sababu ya kweli ya kushuku.

Njia hii si mpya. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichojitokeza mwishoni mwa mwaka 2008, kilitumia pia flashi na uwezo wa Windows wa kuendesha programu zenyewe mara kifaa kinapochomekwa, na mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuuzima uwezo huo kwenye matoleo yake ya zamani. Ndiyo maana virusi vya leo vinahitaji kidole chako kibofye.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Windows tunazopiga mitaani hufanywa zionekane zina leseni kwa programu za kuvunja leseni, na ili programu hizo zifanye kazi, mteja huambiwa azime kwanza Windows Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe. Tunamfungulia mgeni mlango na kumwondoa mlinzi kwa mkono mmoja, halafu mwezi unaofuata tunamlipisha mteja kwa kumtoa mgeni huyo. Ninaelewa bei ya leseni halali ni nzito kwa familia ya kawaida ya Ujiji au Gungu. Hata hivyo, kompyuta nyingi za mtumba zilikuja na leseni yake ndani ya ubao mkuu, na ukisakinisha toleo lilelile, Windows huitambua leseni hiyo yenyewe ikipata intaneti; tunaiacha haki hiyo kwa kutoangalia tu. Asiye nayo anaweza kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni wa bure na unatosha kwa kuandika, kuchapisha na kuperuzi.

Suala la bando nalo ni la kweli. Watu huzima masasisho kwa sababu yanameza megabaiti walizonunua kwa shida, na siwalaumu. Wajue tu kwamba Microsoft hutoa bure faili la utambuzi wa virusi vipya, ambalo mtu mmoja mwenye intaneti nzuri anaweza kulipakua na kulipeleka kwa flashi safi kwenye kompyuta za jirani zake. Upo pia uchunguzi wa Defender wa nje ya mtandao, unaoiwasha mashine upya na kuikagua kabla Windows haijaanza, wakati ambapo kirusi hakina nafasi ya kujificha, nao huchukua kama dakika 15. Wenye Windows 10 wawe waangalifu zaidi, kwani msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Ninachokiomba kwa mafundi wa mji huu ni kwamba anayetaka kuifuta diski ya mtu amweleze kwanza ameona nini: jina la kirusi lililotajwa na antivirusi, au hali ya diski kama ilivyosomwa, na anakili data mbele ya mwenyewe kabla ya kugusa kingine. Nanyi wenye kompyuta, fundi akitumia saa nzima kupima kisha akabadilisha betri tu, mlipeni kwa saa hiyo kama ambavyo mngemlipa kwa Windows mpya.