Ukiri upigwe faini utoke, au ukane ukaanze safari ya gereza la Butimba?

Wiki iliyopita nimekaa kwenye benchi nje ya mahakama moja ya wilaya hapa Mwanza toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, nilimsindikiza mama jirani yetu huku Kirumba. Kijana wake ni mvuvi, kakamatwa na mashine ya boti ya tajiri wake pamoja na nyavu, kesi ni wizi. Sasa kabla karandinga la kuleta mahabusu halijafika, pale kwenye benchi kila mtu alikuwa wakili. Mzee mmoja mwenye koti anamwambia mama, mwambie akiri tu, hakimu akiona ni kosa la kwanza anampiga faini analala nyumbani leo leo, akikana huyo anaenda Butimba na kule ni kesi imetajwa, kesi imetajwa, mpaka mtoto anaota mvi. Dada mmoja pembeni akadakia, thubutu, ukikiri umejifunga mwenyewe.

Wote wawili wana hoja, na hilo ndo linanisumbua toka siku ile.

Kwanza tuelewane mambo yanavyokwenda. Ukikamatwa, polisi wanatakiwa wakufikishe mahakamani ndani ya masaa 24 au mapema iwezekanavyo, labda wakupe dhamana pale kituoni (ukikamatwa Ijumaa jioni utajua mwenyewe hayo masaa 24 yanavyohesabiwa). Kabla ya hapo kuna maelezo ya onyo, yale unayoandikishwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Sheria inawapa masaa manne ya kukuhoji toka ukamatwe, wanaweza kuongezewa, na wewe una haki ya kunyamaza na haki ya kuomba ndugu au wakili awepo. Watu wengi wanadhani kukiri kunafanyika mbele ya hakimu tu, kumbe kesi nyingi zinafika mahakamani zimeshakiriwa kwenye karatasi ambayo mtu kasaini usiku, kachoka, hajaisoma.

Mahakamani sasa. Shtaka linasomwa, unaulizwa kweli au si kweli. Ukisema kweli haiishii hapo, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, siku gani, wapi, ulifanya nini, halafu unaulizwa tena kama yote hayo ni kweli. Huo utaratibu siyo wa juzi, mahakama zetu zinaufuata toka kesi ya Adan iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, na lengo lake ni kuzuia mtu asifungwe kwa neno "kweli" alilolitamka kwa woga. Ukikubali shtaka halafu kwenye maelezo ukaleta "ila", hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana. Kwa makosa kama mauaji ni tofauti, pale mahakama ya chini unaambiwa hutakiwi kujibu chochote, maana yenyewe haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo.

Haya, yule mzee wa koti. Tusimdharau. Kuna makosa madogo ambayo adhabu yake ni faini au miezi michache, na mahakama ya mwanzo kwa kawaida haivuki miezi 12 ya kifungo. Kama huna wadhamini, huna barua ya mtendaji, ndugu zako wako Ukerewe na nauli ya meli hawana, unaweza ukakaa rumande muda mrefu kuliko adhabu yenyewe ambayo ungepewa. Hapo mtu anapiga hesabu ya kawaida kabisa, siyo mjinga. Na kukiri mapema kunahesabika kwenye kupunguziwa adhabu, hakimu anaona hujapoteza muda wa mahakama. Ni kweli mwaka 2022 sheria ilirekebishwa kwamba watu wasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yaliachwa nje, kwa hiyo ile lugha ya "upelelezi bado, naomba tarehe nyingine" haijafa.

Ila mzee kuna vitu alivisahau, na ndivyo vinavyofunga watu. Kupunguziwa adhabu kupo pale tu ambapo hakimu ana nafasi ya kupunguza. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, hapo hata ukikiri huku unalia na kupiga magoti hakimu hawezi kushuka chini ya miaka 30. Pili, mtu aliyekutwa na hatia kwa kukiri mwenyewe rufaa yake ni finyu sana, anaweza kulalamikia adhabu, hatia yenyewe haigusi kirahisi mpaka aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata, au hakuelewa, au shtaka lenyewe halikuwa kosa kisheria. Tatu ni rekodi, ukirudi siku nyingine wewe siyo tena mkosaji wa mara ya kwanza.

Watu wanachanganya pia na yale makubaliano ya kukiri ya 2019. Mnakumbuka Magufuli alivyowapa nafasi watuhumiwa wa uhujumu uchumi, DPP (mkurugenzi wa mashtaka wa serikali) akaja na orodha ya watu 467 walio tayari kurudisha zaidi ya bilioni 107, na mwaka huohuo utaratibu wa kujadiliana ukaingia kwenye sheria. Lakini pale unakaa na upande wa mashtaka, wakili wako yupo, mnaandikishana, unatoa kitu unapata kitu. Kukiri kwa ushauri wa benchi hakuna aliyekuahidi chochote, umekiri bure.

Mimi kinachonifanya niegemee kwa yule dada ni hiki: ukikana leo unaweza kubadilisha na kukiri wiki ijayo ukishaona ushahidi wao ukoje, hakuna atakayekuzuia. Ukikiri leo, kurudi nyuma ni mpaka umwombe hakimu kabla hajatoa adhabu, na anaweza kukataa. Mlango mmoja una kitasa pande zote mbili, mwingine una kitasa nje tu. Lakini ushauri huu ni rahisi kwangu mimi ninayerudi nyumbani kula ugali na dagaa, anayekana ndo anayepanda karandinga, na hapo nakiri sina jibu la kumridhisha mama yeyote.

Maana dhamana nayo ina mambo yake. Yule kijana alipopandishwa shtaka likasomwa, mashine na nyavu vyote pamoja thamani 11,400,000. Mali ikizidi milioni 10 sheria inataka uweke pesa taslimu au mali ya nusu ya thamani hiyo, yaani 5,700,000, halafu inayobaki ndo udhaminiwe kwa bondi. Mama alinishika mkono. Nyumba anayo ila haina hati.

Akaulizwa, kweli si kweli. Dogo akasimama kimya, akamwangalia mama yake, akasema, "Ni kweli niliichukua mheshimiwa, ila tajiri hajanipa mgao wangu miezi mitatu, nikamwambia nipe hela yangu nikupe mashine yako." Hakimu kainamisha kichwa, kaandika amekana. Mzee wa koti akaguna. Kumbe lile "ila" lililomfanya agune ndo utetezi wenyewe, kwa sababu kanuni ya adhabu inasema mtu aliyechukua kitu kwa kuamini kwa nia njema kwamba ana haki nacho, bila nia ya kulaghai, hana hatia ya kosa linalohusu mali. Sisemi atashinda. Upande wa mashtaka watauliza mgao unadaiwaje kwa kubeba na nyavu usiku, na ni swali zuri. Hata tajiri akipoa akasema yaishe, kesi siyo yake tena, ni ya Jamhuri, yeye sasa ni shahidi.

Tarehe imepangwa, wiki mbili. Dogo yuko Butimba. Mama jana kanipigia anaulizia daftari, ile kaunta buku ambayo pale mwaloni, boti zinaposhushia samaki, walikuwa wanaandikia mgao kila wakitoka ziwani, anayelishika ni mtoto wa dada yake tajiri. Kesho alfajiri tunaenda naye kuomba angalau tulipige picha.