Nairobi nayo ni ugenini

Kila msimu wa maombi ukikaribia, vijana wa Mombasa wanaotaka kuingia kampuni za ushauri wa biashara huniuliza swali lile lile: niombe Dubai, niombe London, au nibaki nyumbani? Wakisema nyumbani wana maana ya Nairobi. Hesabu yote huharibika hapo.

McKinsey na BCG, kampuni mbili kubwa za kazi hii, zina ofisi Nairobi. Mombasa hazina, wala Bain, mwenzao wa tatu, haina huko. Kwa hivyo kijana aliyezaliwa Tudor au Kisauni akiipata kazi hii atahama tu, apende asipende. Atapanga nyumba Kilimani au Westlands, atanunua sweta, na akitaka kumwona mamake wikendi atapanda treni ya SGR saa tano na ushee hadi Miritini, kisha atafute gari la kumfikisha mjini, ale chakula cha mchana cha Jumamosi na Jumapili aanze kuaga. Nyanyake akiulizwa mjukuu yuko wapi, atajibu "yuko bara", kwa sauti ile ile ambayo nyanyangu mimi husema "yuko Dubai". Kuhama kumeshaamuliwa na kazi yenyewe. Kilichobaki ni kuchagua ugenini upi.

Mimi nilichagua Dubai, na si kila ninachotaka kusema juu ya Dubai ni sifa.

Kwanza fomu ya maombi yenyewe, maana wengi huijaza kama wanaagiza chakula hotelini. Kampuni nyingi hukutaka uorodheshe miji: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa kawaida ofisi uliyoiweka mwanzo ndiyo inayosoma karatasi zako na kukuita kwenye mahojiano. Hizo nyingine hupata habari zako baadaye, ikiwa ya kwanza imekuacha na wao wana nafasi. Ukianguka, mara nyingi utaambiwa usiombe tena kampuni hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi, kokote iliko. Kwa hiyo mstari ule wa mji wa kwanza una uzito kuliko nusu ya wasifu wako. Na kwenye mahojiano, baada ya kukupa tatizo la biashara ulipigie hesabu papo hapo, watakuuliza kwa nini unawataka wao. Atakayejibu kwamba mji unapendeza ameshajiondoa.

Jambo la pili, ofisi hubeba kazi za mahali ilipo. Houston utaona mafuta na gesi. New York fedha, Johannesburg migodi na mabenki. Nairobi kuna benki, simu, kilimo, afya, serikali na mashirika ya maendeleo. Dubai kwa kiasi kikubwa ni serikali za Ghuba na mifuko yao ya uwekezaji, na siku hizi mteja huenda akawa Riyadh kuliko Dubai kwenyewe. Tangu Januari 2024 Saudia imeweka sharti kwamba kampuni ya kigeni isiyo na makao makuu ya kanda nchini humo haipati mikataba ya serikali, ila kwa vighairi vichache. Makampuni yakafuata pesa, na watu wakafuata makampuni.

Maana yake kwako ni hii. Wiki ya Saudia huanza Jumapili. Jumapili alfajiri, wakati Imarati bado wako mapumzikoni, foleni ya ndege ya Riyadh imejaa watu wa kazi yetu: begi dogo la magurudumu, kompyuta imefunguliwa magotini, na huyu Mlebanoni karibu yangu anabadilisha rangi za jedwali kwa sababu mkubwa wake amezikataa saa sita za usiku. Utarudi Alhamisi usiku. Ijumaa una swala na usingizi, Jumamosi unafua nguo, halafu hao tena. Ile Dubai ya kwenye picha, ya majumba marefu na fukwe, mimi huiona zaidi nikipata wageni kutoka Mombasa.

Hata hivyo nasema kweli, kwa Mswahili maisha ya huku ni mepesi kuliko watu wa kwetu wanavyodhani, na mepesi kuliko London kwa mbali. Adhana unaisikia. Nyama huulizi. Idi ni sikukuu ya taifa zima, na Ramadhani sheria ya Imarati hupunguza saa mbili za kazi kila siku, ingawa katika kazi yetu slaidi hazifungi. Waomani wenye asili ya Unguja utakutana nao, na wengine Kiswahili chao kitakuaibisha. Wali wa nazi utaupika mwenyewe, vitu vyote vipo sokoni. Kisichopatikana ni zile jioni za Lighthouse, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, mbele yako meli ya makontena inaingia taratibu. Wala ile Idi ya Makadara, watoto na nguo mpya na bembea. Huku Idi ni siku ya kulala.

Halafu kuna safari ya nyumbani. Tangu Januari 2024 flydubai inatua Mombasa moja kwa moja, saa tano na kitu. Yaani mimi niliye ng'ambo nafika Moi International kwa muda karibu sawa na anaotumia mwenzangu wa Nairobi kwenye treni. Nauli ni habari nyingine.

Tuje kwenye pesa, maana hakuna anayeniuliza bila kufika hapo. Kenya, tangu Julai 2023, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35, na juu yake kuna tozo ya nyumba asilimia 1.5 na bima ya afya ya jamii asilimia 2.75. Imarati hawakati kodi ya mapato ya mshahara hata kidogo. Tena dirhamu, pesa ya Imarati, thamani yake imefungwa kwenye dola tangu 1997, kwa hiyo shilingi ilipoporomoka hadi kama 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, sisi tunaotuma nyumbani tulitabasamu kwa aibu, kisha ikarudi kwenye 130 na ushee na tabasamu likaisha. Lakini Dubai ina namna zake za kukurudisha chini. Nyumba hulipiwa kwa hundi, chache kwa mwaka mzima, na unazikabidhi zote mwanzoni. Shule ya mtoto utalipa ya binafsi, na karo yake uliza kabla hujaoa.

Na kibali cha kukaa hufuata kazi. Ukipoteza kazi, saa ya kuondoka inaanza kuhesabu. Ipo viza ya dhahabu ya miaka kumi kwa wenye sifa, lakini hata hiyo haikufanyi mwenyeji. Nina jirani, mtu wa makamo, amelea watoto watatu hapa. Wote wanajua kwamba siku moja watafunga virago, na wanaishi na fanicha za kufunguka.

London na Marekani sitazichelewesha. Kama hukusoma huko, njia ni nyembamba. Uingereza ilipandisha mshahara wa chini wa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi hadi pauni 41,700 Julai 2025. Marekani viza za kazi za H-1B zenye kikomo ni 85,000 kwa mwaka, kwa bahati nasibu, na Septemba 2025 maombi mapya ya walio nje ya nchi yaliwekewa ada ya dola 100,000. Ofisi ya kule ina sababu ya kumchukua aliye tayari mlangoni kwao.

Sasa lililo moyoni mwangu. Miaka hii nimeandika mengi kuhusu bandari, reli na maghala ya watu wengine. Kazi nzuri, wateja wana pesa, kinachopendekezwa leo kesho kinachimbwa. Lakini nikishuka Mombasa naiona bandari yetu, na namkumbuka ami yangu aliyekuwa na malori mawili. Mwishoni mwa muongo uliopita serikali iliamuru mizigo inayokwenda bara ipakiwe kwenye SGR ikatolewe ushuru Nairobi. Madereva, mameneja wa yadi za makontena, mama wauza chai wa Changamwe, wote waliisikia amri hiyo matumboni mwao. Watu waliandamana. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza utoaji mizigo urudi Mombasa. Sisemi ni mshauri yeyote aliyeleta amri ya kwanza. Nasema mambo kama hayo hupigiwa hesabu kwenye vyumba vya Nairobi, na ni mara chache mle ndani kuwe na mtu anayejua Changamwe saa kumi na moja za asubuhi ikoje.

Ndiyo maana mtoto wa pwani anaponiambia Nairobi ni chaguo la walioshindwa, namkatalia. Mradi wa kilimo au afya wa Nairobi utakupeleka Bungoma, utakupeleka Kwale, ukae na meneja wa ghala akuambie kwa Kiswahili yale ambayo hangemwambia mgeni aliyetoka uwanja wa ndege. Hapo pwani yako ni mtaji. Ukiwa Riyadh, pwani hiyo ni mapambo tu. Ni kweli, Nairobi kuna atakayekutania kwamba watu wa pwani ni wavivu, na utalazimika kumcheka huku unakasirika. Mimi huku hawajui pwani ni nini, kwa hiyo hawana hata tusi.

Kwa hiyo nawaambia hivi. Kama baba ameshafariki na wadogo zako watatu wako shule, weka Dubai kwanza, usione haya, na uanze Kiarabu mapema, cha mikutano, kwa sababu cha madrasa hakitakuvusha kwenye chumba cha mteja. Kama mzigo huo huna, weka Nairobi kwanza. Kampuni hizi huruhusu watu kuhama ofisi baada ya miaka miwili hivi, ukiwa umefanya vizuri na ofisi ya pili inakuhitaji. Si haki yako, ni ombi. Ila kutoka Nairobi kwenda Ghuba nimeona wengi wakipita. Kurudi kutoka huku ni kugumu, kwa sababu hakuna anayependa mshahara wake upungue, na mimi ni mmoja wao.

Kabla hujaujaza mstari ule wa kwanza, mtafute mtu wa ofisi hiyo aliye na miaka miwili au mitatu kazini. Usimuulize kama mji ni mzuri. Muulize miradi yake mitatu ya mwisho ilikuwa ya mteja wa wapi, na mwezi uliopita amelala nyumbani kwake siku ngapi.