Eti kitabu hakijafuata muvi

Jamani mimi tangu jana jioni sina raha. Nilimuazima mpwa wangu kitabu, kile cha kwanza cha The Lord of the Rings, dogo ana miaka 16, muvi zote tatu kaziangalia mpaka anaongea na waigizaji. Jana kanirudishia. Kakiweka mezani kama mtu anayerudisha kiatu kilichombana, akasema, "Mjomba kizuri, ila hakijafuata muvi."

Hakijafuata muvi!

Sisi wasomaji tumevumilia mengi nyie mnajua. Kwenye Harry Potter, Peeves yule mzuka mtukutu wa kitabuni hatukumwona hata kivuli filamu zote nane. Macho ya Harry kitabuni kijani, tukaletewa ya bluu, tukanyamaza. Dumbledore, mwalimu mkuu wake, kaandikwa kabisa aliuliza kwa utulivu, muvi ya 2005 kamkwida mtoto wa watu kama anamdai kodi. The Hobbit kitabu kimoja cha 1937, tena cha watoto, wakakikamua muvi tatu karibu saa nane, na ndani wakamuingiza dada Tauriel ambaye mwandishi mwenyewe hamjui. Hata viatu vya Dorothy wa The Wizard of Oz kitabuni vilikuwa vya fedha, 1939 vikageuzwa vyekundu kisa vinang'aa vizuri kwenye filamu ya rangi, yaani haya malalamiko tumeyarithi. Lakini kitabu kulaumiwa na muvi, hiyo sijawahi kuisikia.

Basi nikajiweka sawa kitini, nikakohoa kama mzee wa ukoo, nikamuuliza kwa utulivu (ule wa kitabuni) hakijafuata wapi.

"Kwanza Frodo mzee."

Nikamwambia shujaa wetu siyo mzee, anaanza safari akiwa na miaka 50.

"Sasa mjomba, hamsini si kama wewe?"

Mimi nina 44 lakini tuyaache.

"Halafu huyu mchawi Gandalf anamuachia Frodo pete, anakuja kumwambia ukweli wake baada ya miaka 17. Kwenye muvi alienda akarudi fasta."

Nikaanza kumuelewesha kwamba mzee alikuwa anafanya uchunguzi, kule hakuna simu, mambo ya pete hayataki haraka, dogo ananiangalia tu. "Mjomba, mimi mwenyewe sijafikisha miaka 17."

"Na huyu wa buti za njano ni nani, anaimba tu, katoka wapi?"

Hapo nikasimama. Tom Bombadil! Hicho ndo kidonda chetu. Pete inayomtetemesha hata Gandalf, ukiivaa unatoweka, yeye kaivaa kidoleni hakutoweka, kacheka, kairudisha kama chenji. Muvi ya kwanza, ya 2001, ikamruka kama dimbwi. Nikamhubiria dogo dakika ishirini nzima mkono mmoja juu, kwamba huyu ndiye fumbo la kitabu, huyu ndiye anayekuonyesha hiyo pete siyo mwisho wa dunia, huwezi kusema umemaliza kitabu kama hujamuelewa Tom. Dogo kasubiri nimalize, mtoto ana adabu kwa kweli.

"Sawa mjomba. Ila mbona kurasa za nyimbo zake zilikuwa zimeshikana? Nimezitenganisha mimi na rula."

Zimeshikana. Tangu kiwandani.

Kwani nyie mnazisoma zile nyimbo? Semeni ukweli.

Nikamwambia aende akanywe maji.

Usiku nikakifungua nianze upya, kwa hasira kabisa, na hapo ndo nilipoumia kweli maana Frodo katokea na sura ya yule kijana wa kwenye muvi. Mimi nilikuwa na Frodo wangu bwana, mnene mnene, mashavu mekundu, nilikaa naye miaka. Nimemtafuta hayupo. Gandalf kaandikwa nyusi zimetokeza mpaka nje ya ukingo wa kofia, hebu pata picha nyusi za aina hiyo, mimi nilikuwa nazo kichwani kabisa, sasa hivi nasoma mstari huo huo anakuja yule mzee wa muvi na nyusi za kawaida tu kama za mhasibu. Na siwezi hata kuichukia hiyo muvi, ya tatu ilibeba Oscar 11 na mimi nililia kama nimefiwa. Ila watu wangu wamehamishwa bila notisi, wamepangishwa wengine, na mimi ndo nilikata tiketi.

Leo asubuhi dogo katuma ujumbe, anataka cha pili. Nikafurahi. Akaongeza, "Mjomba, pale Legolas anateleza kwenye ngazi juu ya ngao huku anarusha mishale ni ukurasa wa ngapi, nianzie hapo."

Huo ukurasa haupo. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikamjibu we soma tu, utaufikia.