Umakini wa Mrushaji Hujengwa Anaporudi Nyuma

Mpira ule wa kriketi niliurusha vizuri. Ulitoka kidoleni kama nilivyotaka, ukapinda hewani, ukadunda palepale nilipopakusudia, na bado mpigaji akasogea hatua mbili mbele akautoa nje ya uwanja. Mikimbio sita, yaani alama sita kwao. Mitatu iliyofuata niliirusha huku bado nabishana na ule wa kwanza: mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja mbali kabisa na vijiti anavyovilinda mpigaji. Ova moja, yaani zamu ya mipira sita, ikanigharimu mikimbio 21.

Tulipotoka kunywa maji nilimwendea mzee mmoja aliyecheza kriketi miaka mingi hapa Mombasa, sote twamwita Ami. Nikamwambia, "Ami, mkono leo umekataa." Akanitazama. "Mkono hauna neno, mwanangu. Warudi mbio mno."

Nimekaa na maneno hayo miaka miwili sasa, na naamini ndiyo mafunzo ambayo vijana wetu wanaorusha mpira wanakosa. Tunawafundisha kiganja, bega, hatua za kukimbilia, jinsi ya kuushika mshono. Kile kipindi cha kurudi kuanza upya hatukigusi. Katika mechi ya ova 50, mrushaji anaruhusiwa ova 10, yaani mipira 60. Mpira wenyewe uko hewani kitambo kidogo tu. Tuseme kila baada ya mpira una nusu dakika ya kurudi nyuma: hiyo ni nusu saa nzima uko peke yako na kichwa chako. Mechi nyingi nilizoziona zikipotea zilipotelea humo.

Ukitaka mfano wa mtu aliyeweza kutulia, tunaye wetu. Aasif Karim, mzaliwa wa mji huu huu wa Mombasa, alikuwa amekwisha kustaafu alipoitwa tena kwa Kombe la Dunia la 2003. Alikuwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, kule Durban, Kenya ilikuwa ikicheza na Australia, mabingwa wa dunia, na mpigaji wao Adam Gilchrist alikwisha kuwachapa warushaji wetu mikimbio 67 kwa mipira 43. Ndipo Karim akapewa mpira. Alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu, na ova 6 kati ya hizo hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Akawaondoa wapigaji Ponting, Lehmann na Hogg. Australia walishinda, ndiyo, lakini mchezaji bora wa siku ile alikuwa Karim. Spini yake, yaani kuuzungusha mpira kwa vidole, haikuwa ya maajabu. Alipeleka mpira mahali pamoja, kisha tena, kisha tena, kana kwamba kila mmoja ni wa kwanza.

Utulivu wa namna hiyo hauji Jumamosi asubuhi unapovaa nguo nyeupe za mchezo. Unaujenga siku zote nyingine, tena katika mambo ambayo hayana uhusiano na kriketi.

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Zamani nilikuwa nikifungua faili tatu kwa pamoja, simu sikioni, chai inapoa. Sasa nashika moja. Nikiimaliza naifunga, naweka kiganja juu ya jalada, nashusha pumzi moja ndefu, ndipo nachukua nyingine. Wenzangu ofisini wamezoea. Uwanjani nafanya vilevile: mpira ukishaisha, mzuri au mbaya, nafuta vidole kwenye suruali, nashusha pumzi polepole, natembea. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo, na mwili ulioizoea katikati ya wiki hauhitaji kukumbushwa siku ya mechi.

Simu hailali chumbani mwangu. Hilo halina mjadala, kwani mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu hawezi kuona mguu wa mpigaji ukianza kusogea. Maji nayo nayanywa kabla ya kiu, na dafu nikilipata. Joto letu la Januari linakausha akili kabla halijachosha miguu. Na wale vijana wanaotafuna muguka, majani ya kufukuza usingizi, wakidhani unawapa umakini, nawasihi waache. Kukesha macho makavu si kuona.

Kila nikitoka msikitini alfajiri husimama kidogo nje, nijiulize upepo watoka wapi. Kusi au kaskazi, mzito au mwepesi, unagusa shavu lipi. Kwa mrushaji wa spini hili ni chakula, maana upepo nao husaidia kuusukuma mpira pembeni kabla haujadunda. Lakini hata nisipocheza wiki nzima, sitaki kuliacha. Ni dakika moja ya kutazama kitu kilichopo, badala ya kuwaza deni la jana.

Halafu kuna mazoezi yangu ya asubuhi, ambayo Ami ndiye aliyenipa. Kijiti kimoja upande ule, mita 20 hivi. Leso iliyokunjwa, nimeiweka pale mpira unapotakiwa kudunda. Na mpira mmoja tu wa ngozi. Wengi hufanya mazoezi na ndoo ya mipira. Unarusha, unachukua mwingine, unarusha, na kosa la huu linaingia katika ule bila kupata nafasi ya kutoka. Ukiwa na mmoja, lazima uufuate. Unatembea mpaka ulipokwenda, unauokota, unaufuta umande, unarudi. Mwanzoni nilikuwa nikirudi mbio, kama Ami alivyosema. Sasa narudi kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mayai. Kwa asubuhi moja narusha mipira 24, yaani ova 4, na siku njema leso huguswa mara kumi.

Juzi nilikwenda na mpwa wangu, ana miaka kumi na mitatu. Baada ya mpira wa tano akachoka kuufuata. "Mjomba, nyumbani kuna mingine minne, nikailete?" Nikamwambia aufuate huohuo, tena asikimbie. Akaenda akivuta miguu kwenye nyasi zenye umande. Alipokuwa akirudi nilimwona ameinua uso, anatazama minazi inavyoinama.

"Mjomba," akasema, "upepo umegeuka."