Mbele ya kununua kalkilateri, pima zile fili mbili

Nimekasirika na sitaficha. Taksi ya yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, Toyota ya kupitia Dar mpaka Kasumbalesa kama zetu zote, imelala wiki tatu ku garaji moja hapa Lubumbashi. Mataa yote ya tablo yanawaka, ABS, airbag, moteri, asubuhi zingine haiwake kabisa. Fundi akasema kalkilateri, ile kompyuta ndogo inayoongoza moteri, imekufa. Wakanunua ya okazyo, dola 200, ikabaki vile vile, wakanunua ya pili.

Sasa mniambie, kalkilateri ya moteri, ya breki na ya airbag zote zinakufa siku moja namna gani? Nyumba tatu za avenue moja zikikosa umeme pamoja, hauende kubadilisha ampuli, unaenda kuangalia kamba ya barabarani!

Na skana, ile mashine ya kusoma makosa ya gari, ilikuwa imesema tangu siku ya kwanza: U0100, U0121. Kode ya U inasema mawasiliano yamepotea, haisemi kalkilateri imekufa. Kalkilateri hizi zote zinaongea ku fili mbili tu zilizosokotwa pamoja, CAN, ile Bosch ilitoa mwaka 1986. Zikinyamaza kila fili iko na volti 2,5, kalkilateri moja ikisema, fili ya kwanza inapanda 3,5 na ingine inashuka 1,5. Hakuna mkubwa wa kugawa zamu, mbili zikianza pamoja, yenye ujumbe wa namba ndogo inapita, ingine inangoja halafu inarudia, kwa hiyo neno la haraka halifungiwe njia na neno la klima. Mimi hiyo kazi naipenda kabisa, ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaikata na kisu.

Kila mwisho wa laini kuna rezistansi ya omu 120. Toa bateri, weka multimeta ku priz ya skana, tundu ya 6 na ya 14, usome 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, fili zimegusana. Dakika tano! Haya, kuna gari zenye kalkilateri ya katikati inayofunga njia ya priz, hapo utapima nyuma yake, na kuna kalkilateri inayokufa kweli maji yakiingia. Lakini pima kwanza.

Ya yaya ilisoma 120. Tukafungua tapi, tukakuta pale walipofunga alarme fili moja ilikatwa, ikaungwa na mkono, skochi juu, mvua ikaingia na shaba ikawa kijani. Tukachomelea, tukasokota upya, 60, mataa yakazimika.

Nyinyi munaofunga alarme na jipiesi, nawaomba, hizo fili mbili musizikate.

Kalkilateri mbili ziko nyumbani kwa yaya, mu sanduku. Fundi amekataa kuzirudisha, na hiyo dola 400 ilikuwa ya minerval, pesa ya masomo ya watoto.