Punda Anayechechemea Si Mkaidi

Fadhila ya punda ni mateke. Methali hii nimekua nayo Lamu, na kila nikizidi umri mapenzi yangu kwayo yanapungua. Mateke niliyopigwa mimi yalikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa chini ya ukwato.

Nilikuwa darasa la saba, masika yamekolea. Asubuhi moja punda wetu alikataa kukanyaga mguu wa mbele wa kushoto. Aligusisha ncha ya ukwato chini, basi. Ami yangu alisema anadeka. Akapigwa fimbo, akatwikwa mchanga kwenye shogi, yale makanda ya mgongoni, akaenda hivyo hivyo. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu alilala na hakutaka kuinuka, ndipo babu akaniambia, "Mwanangu, mtoe hapa pole pole, mpeleke kwa madaktari wa punda." Alikuwa akisema ile kliniki ya The Donkey Sanctuary iliyofunguliwa mjini kwetu mwaka 1987, ambako punda hutibiwa bure.

Daktari hakuanza na bega wala goti. Aliuinua mguu, akakwangua uchafu, akaushika ukwato kwa kiganja: wa moto. Akapapasa nyuma ya kifundo, mshipa ukidunda kwa nguvu. Kisha akachukua koleo akawa anaminya kidogo kidogo kuuzunguka wayo, na alipofika pahali pamoja punda alishtuka, nikala teke la paja. Pale pale daktari akachonga kwa ncha ya kisu, tundu dogo tu, ukatoka usaha wa kijivu unaonuka vibaya. Ilikuwa jipu. Lilianza pengine kwa kijiwe au kipande cha msumari, na kwa siku tatu usaha ulikuwa umefungiwa ndani ya kitu kigumu kisichoweza kuvimba. Fikiria jipu chini ya ukucha wako, halafu ubebe mchanga.

Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekanyaga mguu ule. Nilitumwa nyumbani na maagizo: kuuloweka ukwato katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kuufunga kwa nepi ya mtoto na selotepu pana, kumweka pakavu, bila kazi mpaka tundu lizibe. Akapigwa na sindano ya pepopunda. Jina lenyewe la ugonjwa limembeba punda, na kweli punda na farasi hupatwa nao kwa urahisi mno, mara nyingi kupitia kidonda cha ukwato. Lakini ni wenye punda wangapi kwetu wanaoiulizia sindano hiyo?

Tangu hapo nimeshika neno moja: punda akichechemea, inua ukwato kwanza. Usimsingizie ukaidi, na usimchome chuma cha moto begani, kama wazee wengine walivyokuwa wakifanya. Moto ule hautibu kitu. Unaongeza kidonda juu ya maumivu. Punda ni mnyama wa kuficha uchungu. Farasi atakuonyesha mapema, punda atavumilia akila kama kawaida, na siku utakapomwona anachechemea jua ameumia zamani. Ukimwona analala kuliko desturi yake, au anapokezanya miguu akiwa amesimama, usingoje zaidi.

Watu huniuliza kama si bora kuwapigilia viatu vya chuma kama farasi wa mbio. Sioni haja. Asili ya punda ni nchi kavu yenye mawe, na ukwato wake ni mgumu wa kutosha akiwa anachongwa kwa wakati. Ukwato hukua kwa mwezi karibu milimita 6 hadi 10. Kule kwenye mawe ungesagika wenyewe. Wa punda anayefungwa miezi kwenye ardhi laini hausagiki. Ncha hurefuka, kisigino huporomoka, mishipa ya mguu huvutika, na ukuta wa ukwato hupasuka ukaingiza uchafu. Kila wiki 6 hadi 10 apitishiwe kisu na tupa na mtu aliyefundishwa. Kazi ya nusu saa hiyo. Nasisitiza aliyefundishwa, kwa sababu nimeona panga likitumika, damu ikatoka.

Unyevu nao ni adui. Ukwato wa punda hunyonya maji kuliko wa farasi, kwa hiyo zizi lenye mkojo na tope la masika huulainisha na kuuozesha. Ukiona weusi unaonuka pembeni mwa ile nyama ya pembetatu chini ya ukwato, safisha kila siku na kwanza kabisa kausha zizi. Dawa juu ya tope ni pesa iliyotupwa. Chakula pia: makombo ya mkate na wali wa jalalani yanaweza kuwasha moto ndani ya kwato zote mbili za mbele, punda akasimama ameegemea nyuma kama anayekanyaga makaa. Huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo.

Najua jibu la wenye punda, kwa sababu lilikuwa jibu la ami: siku bila punda ni siku bila mapato. Ni kweli, na mzigo huo haufai kuachiwa mwenye punda peke yake. Sisi tunaoagiza mchanga, saruji na mawe ya kujengea tunalipa kwa safari na hatutazami miguu iliyoleta.

Mwezi uliopita nilikuwa najenga ukuta. Kijana alikuja gatini na punda watatu kuchukua saruji. Nikamwomba tuinue kwato kabla ya kupakia. Wawili walikuwa sawa. Wa tatu alikuwa na ufa mpaka juu, na ukwato wa moto. Nilimlipa kijana safari zote tatu, tukapakia wawili, na yule wa tatu tukaenda naye kliniki bila shogi.